Mluzi wa Mwaisha

Kila siku ya shule Mwaisha aliamka majogoo wakiwika, akachota ndoo mbili za maji kwenye bomba la chini, akafagia uwanja, akanywa uji, kisha akaenda kusimama kwenye kona ya njia ya msitu kumsubiri rafiki yake Nasra. Hapo kwenye kona palikuwa na kibao cheupe. Mwaisha alikuwa amekisoma asubuhi nyingi hata akakikariri. Usichume. Usitupe taka. Usitoke nje ya njia. Ni marufuku kuita ndege kwa simu au redio.

Kijiji chao cha Kibwande kiko juu katika milima ya Uluguru. Siku isiyo na ukungu ukitazama chini unaona mabati ya Morogoro mjini yakimetameta. Wageni walipanda kutoka huko kwa miguu, wakihema na kushika viuno, kumtafuta ndege mmoja. Kichwa chake ni cheusi, kifua cha manjano, mgongo wa kijani, na haonekani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Watu wa Kibwande walimwita Mzee Kofia kwa sababu ya kile kichwa. Kila mgeni alilipa kiingilio kwenye kibanda cha kikundi cha kijiji. Fedha hizo ziliwalipa walinzi wawili wa msitu, na zilizobaki zilikuwa zinaezeka darasa la sita, ambamo Mwaisha alisoma huku nusu ya paa ikiwa turubai.

Mwaisha alikuwa na miaka kumi na miwili na haya nyingi. Mwalimu akimwuliza swali, jibu alikuwa nalo, lakini lilikwama kooni. Nasra ndiye aliyemsemea. Kitu kimoja tu kilitoka mdomoni mwake bila shida, nacho ni mluzi. Alijifunza akiwa mdogo, akiamia ndege katika shamba la mpunga la bibi yake kule bondeni. Kutwa nzima alikaa juu ya kichuguu kufukuza ndege waharibifu, na kwa uchovu akaanza kuwaiga. Kufikia mavuno alikuwa anaweza kumwiga ndege yeyote hata ndege mwenyewe akageuza shingo.

Asubuhi moja ya Novemba Nasra alifika akiwa na baba yake, Ahmadi, aliyekuwa anateremka kutoka msituni. Ahmadi alikuwa mlinzi wa msitu. Koti lake la kijani lilikuwa limelowa, na viatu vimejaa matope.

"Shikamoo, baba," alisema Mwaisha kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hamjachelewa nyie?"

"Baba, umelowa kama panya aliyetumbukia pipani," alisema Nasra.

"Na huo mdomo wako mbona haulowi ukapumzika kidogo?" Ahmadi alicheka, kisha akainama na kushusha sauti. "Sikilizeni. Wametotolewa. Wawili. Nimewaona."

"Vifaranga wa nani?" aliuliza Nasra.

"Wa Mzee Kofia, wa nani tena!" Alionyesha kule korongoni. Mti wenye kiota ulikuwa umeota chini kwenye korongo, hivyo mtu aliyesimama kwenye njia ya juu aliona kilele chake mbele ya macho. "Bi Magdalena wa chuo kikuu ametafuta kiota hiki miaka mitatu. Msimwambie mtu, na mkipita pale msipige kelele."

Aliongea kwa uangalifu, kama mtu aliyeshika bakuli la mchuzi lililojaa hadi ukingoni. Wasichana wakaahidi.

Watu wazima wote wa Kibwande walijua kwamba Ahmadi huyu zamani alikuwa mpasua mbao. Aliingia msituni na msumeno, akakata miti ya mamia ya miaka, akakamatwa, akafungwa. Alipotoka, Mjomba Mwinjuma, kaka wa mama yake Mwaisha na mwenyekiti wa kikundi, alimpa kazi ya ulinzi kwa sababu hakuna aliyezijua njia za msitu kuliko yeye. Wengi walinung'unika. Mjomba akasema neno lake, na kwa kuwa alikuwa mkubwa wa ukoo, neno lake likapita. Lakini manung'uniko hayakwisha. Yalikaa chini tu.

Jumamosi mama alimtuma Mwaisha kupeleka chupa ya chai na ndizi za kuchemsha kwa wageni waliokuwa njia ya juu. Aliwakuta wamekaa juu ya mawe, wamenyong'onyea. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi, amefunga kitambaa gotini. Aliyewaongoza alikuwa Godlisten, kijana wa mjini anayeishi Mafiga, mwenye miwani ya jua hata kwenye ukungu. Hakuwa mwanakijiji, lakini kikundi kilimruhusu kuleta wageni baada ya kuahidi kufuata sheria zote.

"Tumekaa hapa saa nne nzima," Godlisten alimlalamikia Mwaisha huku akimimina chai. "Mama wa watu kesho anapanda ndege kurudi kwao. Goti limemvimba. Na huyo Mzee Kofia wenu amejificha kama mdaiwa."

Mwaisha alimtazama yule mama, akamwonea huruma. Maneno hayakuja. Alipoinama kuokota vikombe, bila kupanga, akapiga mluzi: milio mitatu ya chini, mmoja wa juu.

Korongoni kukawa kimya. Kisha likaja jibu.

Godlisten aliweka kikombe chini polepole. "Dogo. Hebu rudia."

Yule mama alisema kitu kwa Kiingereza huku akinyoosha kidole kuelekea chini kulikokuwa na kibao. Godlisten akatikisa kichwa na kucheka, akamjibu kwa haraka. Kisha akamgeukia Mwaisha. "Piga tu. Kibao kinakataza simu na redio. Wewe ni simu?"

Mwaisha akacheka kidogo, akarudia. Mzee Kofia akatoka majanini, akatua kwenye tawi hatua chache mbele yao, manyoya ya kifua yamesimama, akigeuka huku na huku. Yule mama alilia. Aliushika mkono wa Mwaisha kwa mikono yake miwili, akautikisa muda mrefu. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumshika mkono Mwaisha namna hiyo.

Tangu siku hiyo Godlisten alipanda na wageni karibu kila siku. Alimsubiri Mwaisha akitoka shule, kabla jua halijashuka nyuma ya mlima. Mwaisha alikaa nyuma ya jiwe, wageni mbele, na Godlisten akinyanyua kidevu, anapiga. Wageni wakapiga makofi ya kimyakimya, kwa vidole. Siku ya nne Godlisten alimpa darubini kuukuu yenye kioo kimoja kilichokwaruzwa. Mwaisha aliificha chini ya gunia la maharage. Nasra alipomwuliza anakwenda wapi kila alasiri, alisema anatafuta kuni.

Siku ya sita, akiwa nyuma ya jiwe lake, alimwona Mzee Kofia kwa darubini akija na kiwavi wa kijani mdomoni. Alikuwa ametua karibu kabisa na kiota. Godlisten akanyanyua kidevu. Mwaisha akapiga. Ndege akamdondosha kiwavi, akatutumua manyoya, akaruka moja kwa moja kuelekea kwao. Jike naye akatoka kiotani akamfuata. Kamera zikalia. Mwaisha akawaza, amefurahi kunisikia. Lakini yule kiwavi akianguka, akipinduka hewani, akipotea kwenye majani ya chini, alibaki machoni pake hata alipokuwa anakula chakula cha jioni.

Siku ya tisa mvua ilianza, ikanyesha siku tatu mfululizo, baridi na ukungu. Hata hivyo wageni wawili wenye makoti ya mvua walikuja, na Mwaisha akapiga.

Asubuhi mvua ilipokatika, Mwaisha alisubiri kwenye kona. Nasra hakuja. Alipofika kwenye kibanda cha kikundi aliona watu wamekusanyika. Ahmadi alikuwa amesimama katikati, ameshika kopo la majani ya chai kwa mikono miwili. Ndani ya kopo, juu ya pamba, walilala vifaranga wawili. Walikuwa wadogo kuliko kidole gumba, ngozi imeshikana na mifupa, midomo imeachama.

Bi Magdalena alipanda siku hiyohiyo kutoka mjini, suruali imelowa hadi magotini. Aliwageuza vifaranga mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, akawapapasa matumbo. Kisha akainua uso. "Hawakuliwa na mnyama. Matumbo ni matupu. Wamekufa kwa njaa na baridi. Kuna kitu kimewazuia wazazi wao wasikae kiotani, na si siku moja. Siku nyingi."

"Kitu gani?" aliuliza Mjomba Mwinjuma.

"Vurugu. Kelele. Mtu anayerudi pale mara kwa mara."

Mzee Salimu, mmoja wa wajumbe wa kikundi, alikohoa. "Anayerudi pale mara kwa mara tunamjua. Nyayo zilizo chini ya mti ule ni za viatu vya nani?"

"Ni vyangu," alisema Ahmadi. "Nilipita asubuhi na mapema kutazama. Ndiyo kazi yangu."

"Na wiki iliyopita nilikuona na wapasua mbao wa ng'ambo ya mlima."

"Ni shemeji yangu yule, Mzee Salimu. Alikuwa anaumwa, nikamjulia hali."

"Shemeji!" alidakia mtu nyuma. "Ulikuwa unapima miti, sema!" Wengine wakaguna. Yale manung'uniko yaliyokuwa yamekaa chini sasa yalipanda juu yote kwa pamoja.

Mjomba Mwinjuma aliwatazama watu, akamtazama Ahmadi. "Ijumaa ijayo tutakaa kikao. Mpaka siku hiyo, vua koti."

Ahmadi alilivua. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja, akaliweka mezani kibandani. Nasra alikuwa amesimama mlangoni, anaona. Mwaisha alikuwa nyuma ya watu. Mimi, alitaka kusema. Ni neno fupi. Halikutoka.

Juma lile lilikuwa refu. Watu wa mjini waliokuwa wakileta vikundi vya wageni walituma ujumbe kwamba hawatapanda mpaka kijiji kieleze kilichotokea. Fundi wa paa akakusanya misumari yake akaondoka. Na Jumatano, katikati ya somo la hesabu, kukasikika mlio kutoka msituni, mwembamba, unaopanda na kushuka. Mwalimu Jane aliacha kuandika ubaoni. Hakuna mtoto aliyeuliza ni nini. Ulikuwa msumeno wa mashine, na haukuwa umesikika Kibwande kwa miaka mitano. Mlinzi wa pili alikuwa upande mwingine wa mlima, mwendo wa nusu siku. Msumeno ulilia mpaka kengele ya mchana. Kisha kukasikika mti ukianguka, na dawati la Mwaisha likatetemeka chini ya viwiko vyake.

Alhamisi Nasra alirudi shule. Wavulana wawili walimpokea langoni. "Mtoto wa msumeno! Vrrrr! Baba yako leo kapasua mbao ngapi?" Nasra, ambaye siku zote alikuwa na jibu, alipita kimya akakaa.

"Nitahamia kwa shangazi, Mafiga," alimwambia Mwaisha bila kumtazama. "Baba anakwenda kubeba mizigo stendi ya Msamvu. Anasema hawezi kuishi mahali anapoitwa mwizi mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza aliiba kweli. Ananiambia hivyohivyo, hafichi. Lakini safari hii hakufanya kitu." Akafungua daftari, akalifunga. "Analia, Mwaisha. Anageukia ukutani ili nisione. Hujui wewe."

Mwaisha alijua kila kitu, na alikaa kimya. Kimya hicho kilimuuma kuliko fimbo.

Alasiri alikwenda kwenye kona ya kibao na kusubiri. Godlisten alikuja akiwa peke yake, anataka kujua kama njia imefunguliwa.

"Kaka Godlisten," alisema Mwaisha, "ni sisi."

"Sisi kina nani?"

"Tuliowaua wale vifaranga. Wanasema ni baba yake Nasra, lakini ni sisi."

Godlisten alivua miwani yake kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, yamechoka. "Sikiliza, dogo. Mimi hata mluzi sijui kupiga. Aliyepiga ni nani?"

Mwaisha aliinamisha kichwa.

"Umeona? Nyamaza basi, itapita. Yule mzee alishafungwa, kazoea. Wewe bado mtoto, utajiharibia." Akaivaa miwani, akateremka mlima haraka, mawe yakiporomoka chini ya viatu vyake.

Ijumaa baada ya swala watu walijaa darasa la sita, lenye turubai. Mama yake Mwaisha aliombwa kupika chai, na Mwaisha alikuwa anagawa vikombe. Darubini alikuwa ameifunga kiunoni ndani ya kanga. Hakujua kwa nini ameibeba.

Mjomba Mwinjuma alifungua kikao. Koti la kijani lilikuwa mezani mbele yake. Bi Magdalena aliketi pembeni, na Ahmadi alisimama, mikono imeshikana nyuma.

"Ahmadi," alisema Mjomba, "nilikuamini kijiji kizima kikinikataza. Niambie mbele ya watu hawa ulifanya nini."

"Sikukata hata kijiti, Mwinjuma."

"Basi nani aliyewafukuza ndege wale kiotani?"

"Sijui."

"Mlinzi unalipwa kujua!" alisema Mzee Salimu. "Kama hujui, hukuwa unalinda. Kama unajua, ni wewe. Tumalize, watu wakalime."

Watu wakaitikia. Mjomba akafumba macho kidogo, akanyoosha mkono kulichukua koti. Mwaisha aliona mkono ule unaligusa. Aliweka birika chini. Akafungua mdomo, na kama siku zote neno likakwama kooni. Akajaribu tena, hakuna. Chumba kizima kilikuwa kinaanza kuinuka.

Basi akapiga mluzi.

Milio mitatu ya chini, mmoja wa juu. Chini ya lile turubai ulisikika kama Mzee Kofia mwenyewe ameingia darasani. Watu waligeuka kutazama juu, kisha dirishani, na mwisho wakamtazama yeye. Hakuna aliyecheka.

Bi Magdalena aliinuka taratibu kutoka kitini. "Mwanangu," alisema, "ulimpigia wapi?"

"Njia ya juu. Nyuma ya jiwe." Sasa maneno yalikuja, moja moja, kama maji ya bomba lililoziba. "Kila siku. Wageni wakija."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Mpaka atokee. Na akiondoka, tena." Aliitoa darubini kwenye kanga, akaiweka mezani juu ya koti. "Kaka Godlisten alinipa hii. Alisema kibao kinakataza simu na redio, na mimi si simu. Nikakubali. Nilitaka kukubali. Lakini niliona kiwavi akianguka, Bi Magdalena. Siku ya sita niliona, na nikaendelea kupiga. Baba yake Nasra hakufanya kitu."

Mama yake alikaa chini sakafuni palepale aliposimama, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Bi Magdalena aliongea polepole ili wote waelewe. "Ndege yule alidhani dume lingine limeingia nyumbani kwake. Kila aliposikia mluzi aliacha kulisha, akaenda kupigana na adui ambaye hayupo. Na mama naye akatoka. Ilipokuja mvua, watoto walikuwa peke yao."

"Nilidhani anafurahi kunisikia," alisema Mwaisha.

"Najua," alijibu Bi Magdalena. Hakumwambia kwamba si kitu.

Mjomba Mwinjuma alimtazama Mwaisha. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake, mtoto wa ukoo wake, na kosa lilikuwa limeingia nyumbani mwake mwenyewe. Aliisogeza darubini kando, akalichukua koti, akazunguka meza.

"Ahmadi, nilikuvua hili mbele ya mwanao, na sikukuuliza mara mbili, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Nakuvalisha mbele ya watu walewale. Nisamehe." Akamwekea koti mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Ahmadi aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Hakutabasamu. Alifunga vifungo vyote, akatoka nje, akaelekea msituni. Nasra akamfuata nyuma, akapita karibu na Mwaisha bila kumwangalia.

Kikao kiliamua mambo siku hiyo. Njia ya juu ilifungwa mpaka msimu wa viota upite. Godlisten alikatazwa kuleta wageni Kibwande. Mjomba aliwaandikia watu wa mjini barua ya ukweli wote, bila kuficha kwamba mkosaji ni mpwa wake. Kibao kiling'olewa kikaandikwa upya: Usimwite ndege kwa namna yoyote. Ukibahatika utamwona.

Lakini mengine hayakurudi. Ahmadi alikuta visiki viwili vibichi msituni, vinavyotoa utomvu bado. Kimoja kilikuwa kipana kiasi kwamba Nasra alilala juu yake na miguu haikufika ukingoni. Wageni walipungua msimu mzima, na darasa la sita likamaliza mwaka chini ya turubai. Mvua ilipopenya na kulowesha madaftari, wenzake walimgeukia Mwaisha wakamtazama. Hakulalamika. Nasra alihamia dawati lingine.

Ahmadi ndiye aliyekuja mlangoni kwao Jumamosi ya kwanza. "Mpe ruhusa mtoto twende msituni," alimwambia mama. "Ana masikio mazuri. Yatumike."

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi Mwaisha aliketi na Ahmadi msituni, hasemi wala hapigi mluzi, anaandika kwenye daftari la Bi Magdalena ndege gani amesikika, wapi, saa ngapi. Mwezi wa kwanza Mzee Kofia hakusikika kabisa. Wa pili pia. Mwaisha aliandika sifuri, na sifuri, na sifuri. Mwezi wa nne, asubuhi yenye ukungu, alisikia milio mitatu ya chini na mmoja wa juu, mbali sana, upande wa juu wa korongo. Aliandika kwa haraka hata mwandiko ukaharibika. Jumamosi iliyofuata Nasra alikuja nao. Alikaa upande wa pili wa baba yake, amenuna, lakini alikuja.

Novemba nyingine ikafika. Kiota kipya kilikuwa juu zaidi, mbali na njia, na wageni sita kwa siku ndio walioruhusiwa, tena kwa kukaa mbali. Asubuhi moja Mjomba Mwinjuma mwenyewe alileta wageni watatu. Walisubiri kwa saa tatu. Mgeni mmoja, mzee kutoka Dar es Salaam, alimnong'oneza Mwaisha, "Binti, nasikia kuna mtoto hapa anajua kumwita. Ni wewe? Mwite kidogo tu, nisirudi bure."

Mwaisha alihisi midomo yake inajikunja yenyewe. Akaifunga. Mzee alikuwa amemkazia macho, na zamani angeinamisha kichwa. Safari hii alimtazama. "Samahani, babu," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Hatumwiti. Tunasubiri."

"Umesikia, babu?" aliongeza Nasra. "Huyu akisema, ujue kasema. Huwa haongei."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Nasra kumsemea tangu mwaka uliopita.

Saa ya nne ya kusubiri jani likatikisika kule ng'ambo. Mzee Kofia akatokea kitambo kifupi, mdomoni ana kiwavi wa kijani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akaingia majanini kuelekea kiotani, na kiwavi wake mdomoni. Wageni wawili walimwona. Yule mzee aliona mkia tu.

Wageni walipoteremka na Mjomba, Ahmadi alibaki ameketi na wasichana wawili. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti.

"Wakati nakata miti," alisema, "kila mti nilijiambia, huu mmoja tu. Na siku zile hapakuwa na kibao cha kunikataza, kwa hiyo nilijiona sina kosa. Wewe ulikuwa na kibao, ukatafuta mahali ambapo hakikuandikwa. Ni kosa lilelile. Moyo wako ulikuwa unajua, ndiyo maana ulificha darubini."

"Ndiyo, baba," alisema Mwaisha.

"Hawa wageni nawapenda, wananilipa mshahara. Lakini wanalipa ili ndege huyu abaki. Siku tukianza kumtesa ili wao wafurahi, hela ile haina maana tena, na msitu utakwisha huku tunapigiwa makofi." Alitupa kijiti. "Na jambo la pili. Mimi nilikamatwa ndipo nikasema ukweli. Wewe ulisimama hakuna aliyekushika. Ulichelewa, nami nikaumia, na wale wawili hawatarudi. Hilo utalibeba, sitakudanganya. Lakini usingesimama, ningekuwa Msamvu na mzigo kichwani, na msumeno ungekuwa unalia hapa tulipokaa. Ukikosea tena, maana utakosea, usingoje Ijumaa."

Alinyanyuka, akafunga vifungo vya koti lake. Nasra alichukua daftari kutoka mapajani mwa Mwaisha, akaona mstari wa leo bado mtupu, akamrudishia.

"Andika," alisema. "Alitokea saa nne na robo. Na uandike kwamba alikuwa na kiwavi."

Mwaisha akaandika.